Mrejesho: ile ahadi ya shamba la mikorosho

Wakuu, niliuliza namna ya kutekeleza ahadi ya kijana wa Newala aliyemwambia mchumba wake, "Ukinikubali tu, shamba la mikorosho lako." Binti akakubali palepale. Kumbe shamba ni la ukoo! Limekwisha, naweka hapa kwa atakayekwama.

Kaanzieni kwa mjomba wa kijana. Ukoo wa Kimakonde unaofuata upande wa mama, kumruka yeye ndiko kunakoharibu. Ardhi alikataa, mazao akaridhia: ekari moja, misimu mitatu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hiyo ni miti kama 28. Ikaandikwa idadi ya miti, mipaka, na nani ananunua salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), mashahidi wawili kila upande. La salfa msilidharau. Mkorosho mkubwa hula kama robo kilo kila mpulizo, na maua yakishaliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, zawadi inabaki kivuli.

Malipo: korosho hupita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo hupelekwa ghalani kwanza ndipo uuzwe, na hulipwa aliyesajiliwa. Binti asajiliwe yeye, la sivyo pesa itaingia akaunti ya kijana na maneno yataanza.

Kuhusu ile ahadi ya shamba, binti alishamwambia kijana, "Nimekusamehe, yaishe." Kijana akagoma kusamehewa, na hapo mjomba ndipo alipolegea.

Halafu sharti. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, zawadi iliyotolewa kwa sharti la kuoana yaweza kudaiwa mahakamani ndoa isipofungwa. Andikeni wazi. Yao imeandikwa haina sharti.