Likizo ya kuzamia na familia nzima: Unguja au Pemba?

Kutoka: Mama wa watatu, Milton Keynes

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Skuli zikifunga tunakuja nyumbani, inshaallah, wiki mbili za mwanzo wa Agosti. Mwanangu mkubwa ana miaka 14, mwaka huu amepata cheti cha kuzamia kwa mtungi. Usiku na mchana anaitaja Pemba, ameshaona picha za ile miamba inayoshuka wima kama ukuta. Binti yangu ana miaka 9, anaogelea vizuri lakini mtungi hajawahi kuuvaa. Mdogo ana miaka 4. Baba yao hazamii, mimi nacho cheti cha zamani. Tena tutakuwa na bibi yao wa Wete, magoti yanamsumbua, ngazi za boti haziwezi.

Mmoja kaniambia niende Pemba moja kwa moja, mwengine kaniambia Nungwi, huko Unguja. Mwenye uzoefu na watoto naomba anisaidie kabla sijalipa tiketi.

Kutoka: Kijana wa Chake, Copenhagen

Dada, nenda Pemba. Njao, Fundo, Misali, hapana mfano wake. Kule Unguja, kisiwa cha Mnemba asubuhi maboti yamepangana kama daladala Darajani. Ukimpeleka Unguja utakuwa umempunja huyo kijana.

Kutoka: Ami yenu, Matemwe

Waalaykum salaam mwanangu.

Nimekuwa nahodha wa boti za wazamiaji miaka mingi na familia nimezibeba za kila namna. Huyo mdogo wangu wa Copenhagen hakukosea habari ya uzuri wa Pemba. Lakini wewe umeuliza habari ya watu sita, naye kakujibu ya mtu mmoja.

Mimi familia ikija huanza kuuliza nani haingii majini. Mzamiaji hukaa chini labda dakika 45, mara mbili kwa siku. Saa nyingine zote ni za juu ya mchanga, na wanaozikaa ni bibi na huyo mtoto wa miaka 4. Hao wakichoka siku ya tatu, safari nzima imechoka, na kijana mtungi hatouona tena.

Basi tazama pwani kwanza. Kwetu huku mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali sana. Ni raha kwa wanaochokoa pweza na akina mama wa mwani, lakini mtoto hana pa kuogelea mpaka maji yajae tena. Na Agosti ni kusi. Upepo unatupiga usoni na bahari ya nje inachafuka. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi maji hayaendi mbali, na kusi linapita mgongoni mwao. Mdogo ataoga saa yoyote, bibi atapata kivuli karibu na chumba. Kijana atazamia miamba ya upande wa Tumbatu, ambayo miezi hiyo imekingika. Mnemba mwendeeni siku bahari imelala, tena alfajiri, kabla maboti hayajajaa. Mkimwona nahodha anawafukuza pomboo ili watoto warukie juu yao, mwambieni aache. Inaniuma kila nikiliona jambo hilo. Wale wanyama wamekuja kupumzika.

Sasa Pemba. Mkondo baina ya Pemba na bara ni kina kikubwa, unafika mita 800 hivi, ndiyo maana ile miamba inashuka wima na maji yake ni masafi. Lakini pale Njao na Fundo ni milango. Maji yote ya ndani yanatoka na kuingia hapo kila yanapokupwa na kujaa. Siku ya bamvua, yaani maji makubwa, yanakwenda kama mto. Mtoto aliyezamia mara tano au sita hana kazi hapo, cheti au si cheti.

Usisome kalenda ya ndege peke yake, soma na mwezi. Bamvua ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu huja baina ya tarehe 7 na 10 za mwezi mwandamo, na tena baina ya 21 na 24. Siku hizo mkondo unapungua nguvu. Siku zako za Pemba zitie humo. Wavuvi wetu wote huhesabu hivyo, na vijana wa mitungi walio wazuri nao huhesabu. Ukimuuliza mwenye duka la kuzamia "leo bamvua au maji mafu?" akababaika, tafuta mwengine.

Binti wa miaka 9 asiahidiwe cheti, hicho kinaanzia miaka 10. Lakini kuanzia miaka 8 mashirika ya mafunzo yanaruhusu mtoto aonjeshwe mtungi na mwalimu kwenye maji yasiyozidi mita 2, na kwa umri wake inatosha kabisa, anamwona samaki usoni. Kijana wa 14 mwisho wake mita 18, na lazima awe na mtu mzima mwenye cheti. Wewe ukiwa hujazamia miaka, ombeni mwalimu awe naye, na siku ya kwanza iwe ya kujikumbusha.

Kutoka: Mama Mkunazini, Leicester

Shoga, yote ya Ami yachukue. Mimi naongeza yale yanayofanywa kabla ya kupanda ndege, kwa sababu yalinigharimu.

Kila duka la kuzamia litakupa fomu ya afya. Mwanangu alikuwa na pumu utotoni, nikajaza "ndiyo". Wakamkatalia mpaka daktari atie saini, na daktari wetu yuko huku Leicester. Siku tatu mtoto kakaa pwani analia. Nilikasirika, lakini walikuwa na haki. Ukiwa chini mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa ikinaswa kwenye pafu lililobana, mtu akipanda inatanuka na pafu linaweza kupasuka. Fomu hiyo inapatikana kwenye intaneti. Ichapishe sasa, mpelekee daktari wako, usafiri nayo. Na usijaze "hapana" ili kupita.

Mafua pia. Watoto wakitoka kwenye baridi ya ndege pua huziba, na sikio lisiposawazishwa chini ya maji linaumia vibaya. Jipeni siku mbili kabla ya mtungi wa kwanza.

Mwisho wa safari, waliozamia siku kadhaa wasubiri saa 18 baada ya mtungi wa mwisho kabla ya kupanda ndege. Hata kijindege cha kutoka Chake Chake ni ndege. Boti ya Mkoani haina shida hiyo.

Kama una pasi ya nje, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Usiitegemee hiyo kwa kuzamia. Kata na ya wazamiaji, usome kama inalipia tiba ya chemba ya mgandamizo na ndege ya kumhamisha mgonjwa.

Habari ya stara, kwa binti na kwako: suti ya kuzamia inafunika mpaka vifundoni, na kuna kofia yake ya kichwa. Kanga iwe ndani ya boti ukipanda juu.

Kutoka: Mama wa watatu, Milton Keynes

Ahsanteni mno. Ami, shikamoo tena.

Usiku nilikaa na kalenda mbili. Tutaanza Kendwa siku sita, kijana azamie, binti aonjeshwe mtungi. Kisha sote Wete, tufike maji mafu yanapoanza, na kijana apate siku yake Misali. Siku mbili za mwisho ni za jamaa tu, hakuna mtungi.

Bibi nilimpigia simu. Kasema yeye Misali hatokwenda, lakini watoto waende wakijua ni pahala gani. Kawasimulia habari ya wazee, kwamba Nabii Khidhri alifika Pemba akaomba msala wa kusalia, hakuupata, akasema basi kisiwa kile ndiyo msala wake. Kijana wangu hajawahi kunyamaza kwenye simu kama jana.

Swali moja la mwisho: suti ya binti niinunue huku?

Kutoka: Ami yenu, Matemwe

Marahaba mwanangu. Nunua. Agosti maji ni nyuzi 25 hivi, na mtoto mwembamba huanza kutetemeka kabla hata ya nusu saa. Suti za saizi yake huku mara nyingi hazipatikani. Na miwani awe na yake. Aiweke usoni bila kufunga mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikikamata haianguki, ndiyo yenyewe.