Makumbusho ya Sayansi London na watoto watatu: tupange vipi?

MamaWatatu
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa sita shule zikifunga tunapeleka familia London. Watoto wana miaka 4, 8 na 12, na tutakuwa na bibi yao ambaye magoti yanamsumbua. Siku moja tumeitenga kwa Science Museum ya South Kensington. Nimeona kuingia ni bure, ila ndani kuna Wonderlab, ukumbi wa watoto kujaribu sayansi kwa mikono, ambayo ni ya kulipia. Niwakatie wote? Tuingie saa ngapi, na bibi tumfikisheje bila kupanda ngazi?

Fundi_Mitambo
Dada, kwa Juni mmebahatika. Shule zetu zimefunga, za Uingereza bado zinasoma mpaka wiki ya tatu ya Julai hivi. Wanaosafiri Agosti, kama wenzetu wa Kenya, ndio wanaokutana na umati wenyewe. Kero ya Juni ni misafara ya wanafunzi asubuhi za siku za kazi. Mchana hao huanza kurudi shuleni, hivyo kuanzia saa nane mambo hutulia. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwisho wa kuingia ni saa kumi na moja na robo. Kumbuka tiketi zao zinaandikwa 10:00 na 14:00, watu huchanganya na saa zetu wakakosa zamu.

Kuingia ni bure lakini jiwekee nafasi mtandaoni kabla. Tiketi ya Wonderlab inakatwa peke yake, na usiwakatie wote. Imelengwa watoto wa miaka 7 hadi 14. Huyo wa miaka 4 utamlipia, halafu meza nyingi zitampita kimo na atataka kubebwa saa nzima. Yeye mpeleke The Garden, sakafu ya chini kabisa, ya miaka 3 hadi 6, bure. Kuna maji ya kuchezea, kwa hiyo beba suruali na soksi za kubadilisha. Aproni haiokoi soksi.

Asubuhi zungukeni pamoja sehemu za bure, mle chakula mapema, kisha saa nane mgawanyike: mtu mzima mmoja na wakubwa wawili ghorofa ya tatu Wonderlab, mwingine na mdogo chini. Lifti zipo. Panga mahali na saa ya kukutana kabla ya kuachana, kwa sababu mmetengana ghorofa nne.

Mwl_Fizikia
Niongeze kuhusu Wonderlab yenyewe. Kinachoharibu ziara ni mtoto kubonyeza na kukimbia, huku mzazi anasoma kibao kwa sauti. Vifaa vimezidi hamsini, hamtavimaliza. Chagueni vitano au sita.

Anzeni na mitelezo ya msuguano. Iko sambamba, kila mmoja una uso wake. Kabla hawajapanda, waulize upi utakuwa wa haraka, na je, wa miaka 12 atamshinda mdogo wake kwa kuwa ni mzito? Wengi hujibu ndiyo. Kisha wateleze kwenye uso *uleule*, mmoja mmoja, bila kujisukuma, nawe upime kwa saa ya simu. Rudieni mara tatu kila mtoto, maana kidole chako tu kinaweza kukosea sehemu ya sekunde. Nadharia inasema uzito hauhusiki: mtoto mzito anavutwa chini kwa nguvu zaidi, lakini na msuguano wake unaongezeka kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, unabaki uleule. Mkiona tofauti kubwa, angalieni nguo kwanza. Kaptura ni adui, ngozi tupu hunata kwenye uso laini. Wavalisheni suruali ndefu wote wawili.

Baada ya hapo nendeni kwenye mfano mkubwa wa jua, dunia na mwezi, halafu maonyesho ya kemia. Wahudumu mle wanapenda maswali, mwacheni mtoto aulize mwenyewe.

Chuma_Chakavu
Mwl, sawa, ila huyo wa miaka 12 msimfungie Wonderlab mchana kutwa. Vitu vizito viko sehemu za bure: Puffing Billy, garimoshi la mvuke la zamani kuliko yote yaliyobaki duniani, la miaka ya 1813 na 1814. Chombo cha anga cha Apollo 10 kilichouzunguka Mwezi mnamo Mei 1969, na joto la kurudi duniani lilivyokiunguza linaonekana kwa macho. Kwa mtoto anayependa kompyuta, mashine ya kukokotoa iliyochorwa na Charles Babbage karne ya 19: makumbusho wenyewe waliiunda kwa michoro yake wakamaliza sehemu ya kukokotoa mwaka 1991, na ilifanya kazi. Ukijumlisha na kichapishi chake ina vipande kama 8,000 na uzito wa tani 5. Mwonyesheni safu za magurudumu ya tarakimu, atakaa hapo.

Abiria_wa_Basi
Bibi asipande treni ya chini ya ardhi. Kituo cha South Kensington kina ngazi nyingi, na ile njia ya chini inayoelekea makumbusho ni ndefu kwa mtu wa magoti. Chukueni basi, mfano 14, 49 au 74. Mabasi yote ya London yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu.

Nauli: wa miaka 4 na 8 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Wa miaka 12 mnunulie Oyster, kadi ya kulipia nauli, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la wageni wa miaka 11 hadi 15. Ni nusu nauli kwa siku 14, na mtoto awepo wakati wa kuiweka.

MamaWatatu
Asanteni sana. Huyu wa kati makelele humsumbua, anaziba masikio. Wonderlab itamfaa?

Mwl_Fizikia
Saa nane na kuendelea siku ya kazi, jaribuni mkiwa na vizuia sauti vya masikioni. Kuna cheche za umeme mkubwa zinazolia kwa nguvu, ulizeni mlangoni saa za maonyesho ili mzikwepe. Kama ana usonji au hali inayofanana, tafuteni tarehe za Early Birds: makumbusho hufungua mapema kwa familia hizo kabla ya umma. Ni bure, lakini lazima uweke nafasi.