Mtoto anajua Sayansi kwa mdomo, kwenye karatasi anakosa. Tumsaidieje?

Kibatari

Habari za jioni wakuu. Nina mtoto Darasa la Saba, shule ya msingi ya serikali, anajiandaa na mtihani wa Taifa. Ukimuuliza Sayansi na Teknolojia kwa mdomo anajibu vizuri. Kwenye karatasi anapata 24 hadi 27 kati ya 45. Nimezipitia karatasi zake tatu za mwisho, na makosa yanajirudia palepale: nyenzo, densiti, kazi na nishati, makundi ya wanyama, pamoja na yale maswali ya mwisho ya kuandika. Tuisheni anakwenda na maswali anafanya mengi. Naomba njia za kufanya naye nyumbani, saa moja kila jioni, bila maabara.

Chaki_na_Ubao

Kibatari, umefanya la maana kuzipitia karatasi zenyewe, maana wengi huishia kutazama alama ya juu. Kwa mada ulizotaja, tazama kwanza maneno. Mtihani uko kwa Kiswahili na mtoto amekua nacho, basi akikutana na neno analolijua anadhani ni lilelile la sokoni.

Chukua "uzito". Dukani tunasema uzito wa mchele ni kilo 5. Kwenye Sayansi kilo 5 ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo kwenye mchele. Uzito ni kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) ya mvutano wa dunia na hupimwa kwa newtoni, kwa hiyo mchele huo una uzito wa N 50, tukichukua N 10 kwa kila kilo. Mtunga swali anaulizia uzito wa kitu chenye tungamo ya kg 5, kisha anaweka "kg 5" miongoni mwa majibu. Mtoto anaikimbilia.

"Kazi" nayo. Mtu akisukuma ukuta kutwa nzima jasho likamtoka, mtaani kafanya kazi. Kisayansi kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani. Ukuta haukusogea, kazi ni sifuri. Akiinua ndoo yenye uzito wa N 200 kwa meta 1.5, hapo amefanya kazi ya jouli 300 (J 300).

Na "mdudu". Buibui, kupe, tandu, inzi, wote mtaani ni wadudu. Kwenye mtihani mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili, naye yuko kundi moja na kupe na nge. Tandu ana miguu mingi, ana kundi lake. Popo anaruka lakini ni mamalia, anazaa na kunyonyesha. Nyangumi vilevile, ingawa wengi humwita samaki. Usimkaririshe majina ya makundi. Mpe mnyama, mwambie ahesabu miguu, ataje kinachofunika ngozi, aseme anazaa au anataga, ndipo amweke kwenye kundi.

Tafuta daftari dogo, lichore safu tatu: neno, maana ya mtaani, maana ya kisayansi pamoja na kipimo chake. Maneno matatu kwa jioni yanatosha. Anza na uzito, tungamo, ujazo, kani, kazi, nishati, joto, jotoridi.

Mizani_ya_Duka

Niongeze kwenye nyenzo na densiti, hizi zinafanyika mezani.

Nyenzo: chukua rula ya sm 30, penseli ya pembe sita (ya mviringo itabiringika) na sarafu tatu za aina moja. Laza rula juu ya penseli kwenye alama ya 15 mpaka itulie. Weka sarafu mbili, moja juu ya nyingine, kwenye alama ya 10. Mwachie mtoto atafute mahali pa kuweka sarafu moja ili rula irudi kutulia. Ataihangaisha, mwisho itakaa kwenye alama ya 25 au karibu yake sana. Sasa mwambie apime umbali kutoka kwenye penseli: 2 mara 5 ni 10, na 1 mara 10 ni 10. Hiyo ndiyo kanuni ya nyenzo, ameiona kwa macho yake kabla ya kuiandika.

Kosa linaloua alama hapa ni kupima umbali kutoka mwisho wa rula. Kwenye nyenzo umbali wote huanzia kwenye egemeo, yaani pale nyenzo inapoegemea (hapa ni penseli). Mpe hesabu: mzigo wa N 600 uko m 0.5 kutoka kwenye egemeo, jitihada (kani unayotumia kuinua mzigo) iko m 1.5 upande wa pili. Jitihada ni 600 × 0.5 ÷ 1.5, yaani N 200. Manufaa ya kimakanika, yaani mzigo kugawa kwa jitihada, ni 600 ÷ 200 = 3. Hayana kizio, akiandika "N 3" amekosa.

Madaraja ya nyenzo yanamchanganya kwa sababu anakariri orodha ya vifaa. Mfundishe kuuliza "katikati kuna nini?" Egemeo likiwa katikati, daraja la kwanza: mkasi. Mzigo katikati, la pili: toroli. Jitihada katikati, la tatu: kibanio cha makaa. Egemeo, mzigo, jitihada, kwa mpangilio huohuo.

Densiti, yaani tungamo ya kitu kugawa kwa ujazo wake: jaza kikombe maji hadi ukingoni kabisa, kiweke kwenye sahani kavu, zamisha jiwe taratibu ukilifunga kwa uzi. Maji yaliyomwagika yanyonye kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, hesabu mabomba. Mililita 1 ni sentimeta 1 ya ujazo. Akishalifanya hilo, swali la silinda ya kupimia ujazo halitamsumbua: maji yalikuwa sm³ 30, baada ya kuzamisha jiwe la g 54 yakapanda hadi sm³ 50. Watoto wengi wanagawa 54 kwa 50. Ujazo wa jiwe ni lile ongezeko tu, 20, na densiti ni 54 ÷ 20 = g/sm³ 2.7.

Kibatari

Asanteni sana walimu wangu. Kwenye maswali ya kuandika, mfano mmoja: "Kwa nini mmea huwekwa gizani kwa saa 48 kabla ya kupima wanga kwenye jani?" Alijibu "ili usipate mwanga." Alikosa, na mimi mwenyewe sikuona kosa liko wapi.

Chaki_na_Ubao

Amelirudisha swali kama lilivyo. Giza maana yake ni hakuna mwanga, kwa hiyo hajasema sababu. Mzoeze kuuliza "halafu?" mpaka afike mwisho: haupati mwanga, halafu? Hautengenezi chakula. Halafu? Unatumia wanga uliokuwa umehifadhiwa kwenye majani hadi uishe. Hapo ndipo penye jibu. Wanga wa zamani ukibaki, jani litabadilika rangi na hutajua wanga huo ulitengenezwa lini.

Apitie hatua zote za jaribio hilo kwa mtindo huo, kwani kila hatua ni swali. Jani linachemshwa kwenye maji ili seli zife na jani lilainike. Linatiwa kwenye spiriti ili kuondoa klorofili, rangi ya kijani isije ikaficha matokeo. Spiriti inapashwa ndani ya chombo cha maji ya moto kwa sababu inashika moto upesi. Sehemu hii msiifanye nyumbani. Linaoshwa kwa maji, spiriti hulifanya kuwa kavu na kukatika. Mwisho iodini: ikigeuka bluu-nyeusi pana wanga, ikibaki rangi ya kahawia hapana. Hii ya mwisho ifanyeni: nunua iodini ya vidonda duka la dawa, dondosha kwenye kipande cha ugali, muhogo uliochemshwa na ute wa yai, kisha vitupeni.

Penseli_HB

La kwangu ni fupi. Dakika 90 kwa maswali 45 ni dakika mbili kwa swali, na hesabu ya densiti inakula nne. Afanye kwanza yasiyohitaji hesabu.

Maneno "isipokuwa", "si" na "sahihi zaidi" ayapigie mstari kabla ya kusoma majibu. Kwenye swali la "isipokuwa" aandike N (ndiyo) au H (hapana) pembeni mwa kila jibu, kisha achague lile lililo peke yake.

Akiruka swali la 17, aruke na mstari wa 17 kwenye fomu ya majibu. Wapo wanaosiliba jibu la 18 kwenye 17 na kuendelea hivyo hadi 40. Mpigie nakala ya fomu, na kila baada ya maswali matano alinganishe namba ya swali na namba ya mstari.