ALT ya mama (kipimo cha ini) imeshuka kutoka 610 hadi 142 lakini macho yanazidi kuwa ya njano. Nisaidieni kusoma hivi vipimo

FundiFriji_Tanga

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, mambo ya hospitali yananipiga chenga, kwa hiyo naomba mnieleze taratibu.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Pangani. Mwezi wa nne alipigwa utrasaundi akaambiwa ana mawe madogo madogo kwenye kifuko cha nyongo. Vipimo vya ini vilikuwa safi vyote, akapewa dawa za maumivu akarudi kwenye minazi yake. Wiki mbili zilizopita alikwenda kwenye hitima, akala wali wa nazi na nyama. Usiku akashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi kwenye bega, akatapika mpaka alfajiri. Asubuhi tukampeleka kupima.

Karatasi ya kwanza: ALT 610, AST 540, ALP 165, bilirubini jumla 2.4. Homa ya ini B na C hakuna. Mjomba akasema hiyo ni ini, mawe hayahusiki, akaanza kumchemshia mizizi yake, kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Juzi, siku 9 baadaye, nimemleta Tanga mjini tukapima maabara nyingine. Karatasi ya pili: ALT 142 na AST 98 (zote mwisho wa kawaida wameandika 40), ALP 512 (mwisho 120), GGT 460, bilirubini jumla 96, ya moja kwa moja 78, albumini 37, INR 1.6.

Mjomba kashika karatasi zote mbili anacheka. 610 imekuwa 142, mizizi inafanya kazi! Mimi naona bilirubini imetoka 2.4 imefika 96, mara arobaini. Macho yake kama binzari, mkojo kama chai ya rangi, na usiku halali kwa kujikuna viganja na nyayo. Kinyesi nimeona haya kumuuliza.

Swali langu moja tu: ini linapona au linakufa?

Mtu_wa_Asili

Mkuu usihangaike. Nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, maji ya limau matano, anywe usiku alale ubavu wa kulia. Asubuhi mawe yanatoka ya kijani, utayaona mwenyewe. Shangazi yangu alitoa thelathini.

DadaWaDarubini

Pole na kuuguza, kaka. Niko maabara mwaka wa kumi na nne huu, nikueleze ninachokiona kwenye karatasi, ila wa kumtibu mama ni daktari atakayemshika tumbo.

Anza na bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, kwa sababu ndiyo iliyokutisha. Karatasi zako hazitumii kizio kimoja. Ya kwanza ni miligramu kwa desilita, ya pili ni mikromoli kwa lita. Zidisha 2.4 kwa 17.1, unapata 41. Kwa hiyo imetoka 41 ikaja 96. Imepanda zaidi ya mara mbili, na hiyo inatosha kukukosesha usingizi, lakini si mara arobaini. Nimewahi kuona mzee wa watu analia dirishani kwetu kwa kosa hilihili. Ukipewa karatasi, soma kwanza safu ya vizio.

Sasa hiyo ALT ya mjomba. ALT na AST hukaa ndani ya chembe za ini, na chembe ikiumia zinamwagika kwenye damu. Jiwe likikwama ghafla kwenye mrija wa nyongo, nyongo inarudi nyuma kwa presha na ALT inaruka hadi mamia siku ileile. Halafu inashuka yenyewe baada ya siku chache, hata kama jiwe halijasogea. ALP iko tofauti, haimo ghalani ikisubiri. Kuta za vijirija vya nyongo zinaitengeneza upya pale njia inapoziba, ndiyo maana siku ya kwanza ilikuwa 165 tu na leo ni 512.

Kuna hesabu ndogo tunaitumia. ALT ya mama ni mara 3.5 ya mwisho wa kawaida, ALP ni mara 4.3. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 0.8. Ikiwa chini ya 2 tunafikiria njia ya nyongo, ikizidi 5 tunafikiria chembe zenyewe, kwa mfano homa ya ini au sumu ya dawa. Lakini karatasi ya kwanza kwa hesabu hiyohiyo inakupa 11! Ndiyo kusema siku ile hata daktari angeweza kudhani ni homa ya ini. Mjomba hakukosea peke yake. Amekosea kufurahi.

ALP peke yake inaweza kutoka kwenye mifupa, na GGT peke yake hupanda kwa pombe na baadhi ya dawa. Zikipanda zote mbili hivi, shahidi ni wawili, na wote wanataja njia ya nyongo. Tena kati ya 96, 78 ni ile ya moja kwa moja, maana yake ini limeshaichakata na inayeyuka kwenye maji, ila imekosa pa kupitia, ikaishia kwenye damu na mkojo. Ndiyo chai ya rangi unayoiona. Na mwezi wa nne jiwe lilikuwa limetulia kifukoni, njia wazi, ndiyo maana vipimo vilikuwa safi. Mtu anaweza kuishi na mawe miaka na ini lake lisiseme neno.

Utrasaundi imerudiwa? Mrija mkuu una milimita ngapi? Na uliza kinyesi, acha haya.

Wewe wa mafuta ya zeituni: yale "mawe" ya kijani yalishachunguzwa maabara, ni sabuni inayojiunda tumboni kutokana na mafuta yenyewe na limau. Yaweke juani uone yanavyoyeyuka.

FundiFriji_Tanga

Dada Mungu akubariki. Sasa nimeelewa kwa lugha yangu. Kapilari ya friji, kile kibomba chembamba cha gesi, ikiziba, geji ya upande wa chini inashuka mpaka sifuri. Asiyejua anaona presha imetulia, mimi najua gesi haipiti.

Kinyesi: dada yangu kauliza. Cheupe kama majivu, siku ya nne leo. Utrasaundi ya leo mchana: mawe kifukoni, mrija mkuu milimita 11, jiwe ndani ya mrija halikuonekana. Kwa hiyo halipo?

Nesi_wa_Wodi_ya_Upasuaji

Kutoonekana si kutokuwepo. Utrasaundi inayaona vizuri mawe ya kifukoni, lakini sehemu ya chini ya mrija inafichwa na gesi ya utumbo. Kwa kawaida mrija hauzidi milimita 6 hivi. Ukiwa na 11 pamoja na bilirubini ya 96, omba rufaa kesho, usisubiri Jumatatu.

Hiyo INR 1.6, kipimo cha kuganda kwa damu, wengi wanaipita. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mafuta hayasagiki, na vitamini K hainyonywi bila mafuta, kwa hiyo damu inachelewa kuganda. Waambie kabla hajaguswa na chombo chochote. Huwa wanampa mgonjwa sindano ya vitamini K wanapima tena. INR ikirudi chini, shida ilikuwa nyongo. Ikigoma, ndipo tunaliogopa ini lenyewe.

Akipata homa na kutetemeka, hata saa nane usiku, mkodie gari. Nyongo iliyokwama ikiingia wadudu inaua haraka. Na mizizi isimame leo, inatuvurugia vipimo na ini halihitaji mzigo mwingine.

Selimundu_na_Maisha

Naongezea kwa wenye selimundu kama mimi. Bilirubini yangu iko juu mwaka mzima, ila ni ile isiyo ya moja kwa moja, ya chembe nyekundu zinazovunjika. Mabaki hayohayo ndiyo yanayojenga mawe meusi kwenye nyongo, mimi nilitolewa kifuko nikiwa na miaka 24. Nilipoziba, jumla haikupanda sana, kilichobadilika ni upande: ya moja kwa moja ikawa ndiyo nyingi. Natembea na karatasi ya siku zangu nzuri kwenye pochi, daktari mgeni nikamwonyesha.

FundiFriji_Tanga

Wakuu, mrejesho, samahani nimechelewa siku 11.

Usiku ule ule alianza kutetemeka. Tukakodi Noah. Akawekewa dripu za antibayotiki, sindano ya vitamini K, kesho yake INR 1.1. Alipotulia akapewa rufaa, wakaingiza kamera kwa mdomo hadi utumboni, wakapanua mlango wa mrija na kuvuta jiwe moja la milimita 9, rangi ya kahawia. Wamenionyesha kwenye kichupa.

Siku ya sita baada ya hapo: ALT 51, ALP 290, bilirubini 48. Mkojo mweupe kabisa lakini macho bado yana unjano, nikaogopa tena. Daktari akasema sehemu ya bilirubini imejifunga kwenye albumini, haipiti kwenye mkojo, itaondoka na albumini yenyewe kwa wiki kadhaa. Kifuko kitatolewa kwa matundu mwezi huuhuu.

Kujikuna kumekoma. Jana ameuliza nani anamwagilia miche yake. Mjomba anasema jiwe lililainishwa na mizizi, ndiyo maana likatoka kirahisi. Nimemwachia.