Amenipigisha makofi mbele ya kidato cha pili kwa neno nililoligawa sawasawa

Ndugu wanajukwaa, nimetoka darasani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule mheshimiwa wetu wa taaluma, ambaye kila aliyewahi kushika chaki shuleni kwetu anamfahamu kwa kikohozi chake cha mlangoni, ameingia katikati ya kipindi changu, akanikatiza na kunipigisha makofi manne mbele ya wanafunzi, kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa kuandikishwa darasa la kwanza.

Neno lenyewe ni photography. Nilikuwa nimeligawa ubaoni katika silabi nne, pho-tog-ra-phy, nikaipigia mstari ile ya pili, kwa kuwa mkazo unakaa hapo. Yeye akadai kwamba mkazo haukubali kuhama, eti kwa sababu photograph ina mkazo mwanzoni, akanyakua dasta, akafuta mstari wangu, kisha akaniamuru: "Piga makofi, mwalimu, la kwanza kwa nguvu." Nikapiga. Makofi manne, la kwanza kwa nguvu, na watoto wakapiga pamoja nami!

Kiswahili kimetuzoesha mkazo unaotulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama lazima, lakini Kiingereza huweza kuuhamisha kiambishi kinapobadilika: photograph kwenye silabi ya kwanza, photography ya pili, photographic ya tatu. Kamusi ilikuwa mezani, na ile alama ndogo ya mkazo imesimama mbele ya silabi ya pili, hata kipofu angeipapasa. Hakuitazama. Dasta, makofi, la kwanza kwa nguvu. Kofi lile nitalisikia hadi nistaafu.

Chaki Nyeupe: Pole sana, mwalimu. Huyo namfahamu, na alinifanyia hayo hayo kwa neno electricity.

Mzee wa Rejesta: Kamusi iko mezani, nawe unapiga makofi? Hapo umejitakia mwenyewe.

Msomi wa Jioni: Afadhali yenu. Mimi msaili alinikatiza mara tatu kwa neno record, ilhali likiwa nomino mkazo uko mwanzoni, na likiwa kitenzi uko mwishoni.

Chaki Nyeupe: Msomi, je, present nayo iko hivyo?

Msomi wa Jioni: Ndiyo, pamoja na object. Ila answer haibadiliki, mkazo ni mwanzoni kote kuwili.