"Haki ya nani" ni kiapo au ni mdomo tu? Naomba msaada kabla ya Jumamosi

Chausiku_Pwani (mwanzisha uzi)
Salaam wanajamvi. Kuna swali la lugha linaninyima usingizi. Mtu akisema "haki ya nani, sifanyi jambo fulani", hapo ameapa? Au ni maneno ya kutoka tu, kama "jamani" na "mama yangu"? Asili yake ni nini? Anayejua Kiswahili cha ndani anisaidie, na mwenye elimu ya dini pia aseme. Msinicheleweshe, Jumamosi ni keshokutwa.

Mzee_wa_Bao
Swali tamu hili. Mishangao yetu ya pwani mingi imetoka kwenye dua ikaishia sokoni. "Lahaula!" unayoisikia sufuria ikianguka ni mwanzo wa dhikri: la haula wala kuwata illa billahi, hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. "Yarabi" ni kumwita Mola. "Toba!" ni kutubu. Hata "simile!" ya mwenye mkokoteni anayetaka apishwe njia ni bismillahi iliyomegwa mwanzo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa na "Mtume!" ya kila jambo. Maziwa yakifura, "Mtume!" Mgeni akitokea bila taarifa, "Mtume!" Aliivuta ile "tu" ya katikati mpaka jirani anafungua dirisha kuuliza kuna nini. Siku hizi siisikii ikivutwa hivyo, na inaniuma.

kijana_wa_bara
Mimi niliwahi kufanya kazi Mombasa. Kila nikifungua mdomo naulizwa, "Wewe Mtanzania?" Nikashangaa wanajuaje, kumbe ni "aisee". Sikuwa najua kwamba ni "I say" ya Waingereza, tena wenyewe walishaacha kuisema zamani, sisi tumeishika kama yetu. Na "jamani" nayo nadhani ni jamaa na ile -ni ya kuwaita wengi, kama kwenye "karibuni".

Mama_Neema
Dada, mimi ni Mkristo na nitakujibu kwa Biblia. Mathayo 5 inatukataza kuapa kabisa, iwe kwa mbingu au kwa nchi au hata kwa kichwa chako. Ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Ukizoea kuishi hivyo hutakuja kuuliza maswali haya usiku.

Dereva_Usiku
Mimi nauliza tu. Jumamosi kuna nini?

Chausiku_Pwani
Kuna harusi. Mtoto wa kaka yangu anaolewa. Mimi na kaka tuligombana juu ya shamba la marehemu baba, nikamwambia, "Haki ya nani, mlango wako sikanyagi tena." Sasa harusi iko nyumbani kwake, mimi ndiye shangazi wa bibi harusi, na sare nimeshashona. Ndiyo maana nataka kujua kama nimefungika.

Mzee_wa_Bao
Hapo sasa nakuelewa, mwanangu. Isikilize yenyewe: kwenye "haki ya Mungu", "nani" imekaa mahali pa Mungu. Msemaji anataka uzito wa kiapo lakini anaogopa kulitia Jina ndani yake. Na mafundisho ya Mtume ni kwamba anayeapa na aape kwa Allah, la sivyo anyamaze. Sasa "nani" ni nani? Hakuna aliyetajwa. Nenda harusini.

Dereva_Usiku
Samahani, dada. Ulisema "haki ya nani" peke yake? Mtu aliyekasirika kwa ajili ya shamba haishii hapo.

Chausiku_Pwani
Haya. Nilianza na "haki ya nani". Kaka akacheka, akasema na hiyo nayo ni yamini? Ndipo nikasema wallahi, billahi, tallahi. Mama alikuwepo. Lakini jamani, nilisema MLANGO. Sikusema baraza wala ua. Nimeshapanga kukaa barazani na wanawake wengine, nipokee wageni, nile hapohapo, kizingiti nisikivuke. Sioni kosa liko wapi.

Bwana_Chepe
Na bibi harusi akitolewa kupambwa, apitishiwe dirishani ili shangazi amwone?

Msomaji_Kimya
Mnadanganywa nyote. Amefungua uzi anauliza "asili yake", mara kuna harusi, mara shamba, mara viapo vitatu vya Kiarabu vimepangwa kwa mpangilio wa kitabu. Huyu ni mwanafunzi amepewa kazi ya viapo na mishangao, anataka wazee wamwandikie. Angalieni, Mzee wa Bao ameshamaliza nusu ya insha.

kijana_wa_bara
Hata mimi nilianza kuhisi. Nani anashona sare kabla ya kujua kama ataenda?

Chausiku_Pwani
Shangazi gani wa bibi harusi anakosa sare? Kitambaa alinunua mama, bluu ya bahari, akakipeleka kwa fundi mwenyewe kwa vipimo vyangu vya zamani. Mikono inanibana. Mama kanipigia leo asubuhi, hakusema neno lolote kuhusu yale maneno, aliniuliza tu nitafika saa ngapi. Unadhani hilo nimelitunga?

Msafiri_wa_Vitabu
Hata kama ni insha, swali ni zuri na ni la dunia nzima. Mfalme Henri IV wa Ufaransa alizoea kusema kwa hasira "namkana Mungu". Inasimuliwa kuwa padri aliyemwungamisha, Mjesuiti Pierre Coton, alimsihi aache, akimpa ruhusa amkane yeye Coton badala yake. Likazaliwa neno "jarnicoton". Hiyo ni "haki ya nani" kabisa, Jina limetolewa na mtu mwingine kuwekwa mahali pake. Uingereza nako mwaka 1606 ilipitishwa sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Na Quebec hadi leo neno zito la hasira ni "tabarnak", yaani tabenakulo ya kanisani.

Ustadh_Mtaa
Tumwache mwenye mashaka na mashaka yake, tumjibu dada. "Haki ya nani" isikusumbue. "Wallahi" ya kuropoka bila nia, kama wengi tunavyosema kila siku, Mwenyezi Mungu hatuchukulii kwayo; hilo limo kwenye Sura ya Maida, aya ya 89. Lakini wewe ulikusudia, na ulikata udugu. Kukaa barazani ni kukikwepa kiapo huku ukikiheshimu, na mama yako hakukupigia simu ili ukae barazani. Aliyeapa kisha akaona kheri iko upande wa pili, na aifanye ile kheri, atoe kafara. Aya hiyohiyo inataja kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza ndiye anayefunga siku tatu. Usikimbilie kufunga kama mchele unao.

Chausiku_Pwani
Nitoe kabla ya kuingia au baada? Na ni kiasi gani? Nimpikie kila mtu?

Ustadh_Mtaa
Kwa Shafii, madhehebu ya wengi wetu huku pwani, kulisha kunajuzu hata kabla ya kukivunja kiapo. Kufunga ndiko kunakosubiri. Na si lazima upike. Kibaba cha mchele kwa kila masikini, kimoja kimoja mkononi mwake. Jumla vibaba kumi, pishi mbili na nusu.

Chausiku_Pwani
Mchele ninao, nagawa kesho baada ya alasiri. Ndani nitaingia. Ila Jumamosi nitaanzia palepale barazani, na kaka atoke mwenyewe aniite.