Mgahawa wa Kipolandi Kraków: nimewaambia situmii nguruwe, wakanipakia kwenye mkate!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Niko Kraków mwezi wa pili huu kimasomo. Jana nikasema leo nile chakula cha wenyeji, wali maharage wa hosteli umenichosha. Mimi na mwenzangu wa Mombasa tukaingia mgahawa mmoja pale Kazimierz, vitambaa vya maua mezani, watalii tele. Kabla sijakaa vizuri nikamwambia mhudumu: mimi Mwislamu, situmii nguruwe. "Hakuna shida."

Dakika mbili nyingi, kaleta mkate wa moto, matango ya kuchachusha na kibakuli cha udongo chenye kitu cheupe kilichochanganywa na vitunguu na vipande vya kahawia. Bure, anasema, karibuni. Mimi najua siagi. Nikapaka. Nikapaka tena. Kitamu, siwadanganyi. Niko kipande cha tatu, mwenzangu ambaye hajagusa kitu ananiuliza: "Wewe, siagi gani hiyo inanukia kama mshikaki?"

Nikamwita mhudumu. Hata hakupepesa macho: hiyo ni smalec, mafuta ya nguruwe.

Si nilikwambia?

"Ulisema nguruwe, nikajua nyama. Haya ni mafuta tu."

Mafuta tu! Kwani yamekamuliwa kwenye alizeti?

Nikaenda chooni kusukutua mpaka fizi zikauma. Narudi, pierogi zimeshafika. Kwa asiyezijua, chukulia sambusa ya kuchemsha. Nilikuwa nimeagiza zile za ruskie, na nikauliza mara mbili, nikaambiwa ndani ni viazi na jibini laini, nyama hakuna. Na kweli, ndani haikuwepo. Juu sasa! Wamezimwagia skwarki, yale makombo ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa mpaka yakakauka. Nikalalamika, mhudumu akashika kijiko ati ayakwangue, niendelee kula.

Sikula. Tukanywa kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa (hayo hayana kosa), tukaomba bili. Zloti 58, na pierogi zimo. Nikatoa noti ya 100 na kwa adabu za kwetu nikasema "dziękuję", yaani asante. Jamaa akaondoka moja kwa moja. Kumbe huku ukishukuru wakati unatoa hela, maana yake umemwachia chenji! Zloti 42! Nikamfuata hadi kaunta, akazirudisha kanuna kama mwizi ni mimi.

Leo asubuhi nimemwandikia meneja. Kajibu haraka, nusu saa haikufika: anasikitika, ila mkate na smalec ni zawadi ya mgahawa, sikutozwa chochote, kwa hiyo hakuna cha kunirudishia.

Mlioko Poland, mtu kama huyu anashitakiwa wapi?